Somo: Kurekebisha kabureta ya pikipiki ya matairi manne inayofanya kazi Matamba na Kitulo

Pikipiki ya matairi manne ya zamani, ambayo kabureta yake, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilipangwa kwa hewa ya mabondeni, huanza kusumbua mara tu inapomaliza kona za Hamsini na Saba, ile barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba. Moshi unakuwa mweusi, injini inamisi ukisukuma eksileta hadi mwisho, na ukifungua plagi unaikuta imevaa masizi makavu kama ya kitako cha chungu. Wengi huhukumu kwamba ringi zimekwisha. Nimewahi kukuta injini nzima imefunguliwa kwa gharama kubwa katika msimu wa viazi, kumbe kilichohitajika ni kubadili jeti moja ya shaba, kijitundu kinachopima petroli, ndogo kama punje ya mahindi.

Sababu yake ni hii. Katika uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito wa takriban asilimia 77 tu ya ile ya pwani, na katika jiji la Mbeya, mita 1,700 hivi, ni karibu asilimia 85. Kabureta haina namna ya kupima uzito huo. Hufyonza petroli kwa nguvu ya hewa inayopita kooni mwake, na petroli haipungui kwa kadiri ileile ambayo hewa imepungua. Matokeo yake ni mchanganyiko uliozidi mafuta. Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli ili yote iungue, na petroli inayozidi hapo hutoka kama moshi au hubaki kwenye plagi.

Hatua ya kwanza, kabla ya kugusa jeti yoyote, ni kuondoa sababu nyingine zinazoleta dalili hizohizo. Kichujio cha hewa kilichoziba vumbi huzidisha mafuta hata ukiwa chini Kyela, na vivyo hivyo choki (kizuia hewa cha kuwashia injini ya baridi) isiyorudi yote, au boya la kupimia petroli ndani ya bakuli la kabureta linalokaa juu kupita kipimo cha kitabu cha mashine. Osha kichujio, kikaushe, weka plagi mpya, kisha ijaribu mashine upya. Kazi hii ifanyike nje au kwenye kibanda kilicho wazi. Najua baridi ya Makete inavyomvuta mtu karibu na jiko la mkaa, lakini mvuke wa petroli hutambaa chini na kufuata moto ulipo, kwa hiyo jiko lizimwe kabla bakuli la kabureta halijafunguliwa.

Hatua ya pili ni kujua kila sehemu inatawala wapi. Jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko hutawala silensa (injini ikizunguka yenyewe bila eksileta) na mwanzo wa eksileta. Sindano, kijiti chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, hutawala katikati, tuseme kuanzia robo hadi robo tatu. Jeti kuu hutawala robo ya mwisho. Bandika kipande cha utepe mweupe kwenye eksileta ya dole gumba na uchore alama za robo, nusu na robo tatu, ili usikisie ni wapi injini inapomisi. Kosa linalonisikitisha zaidi ni la mtu anayezungusha skrubu ya mchanganyiko siku nzima ili kutibu ugonjwa wa jeti kuu.

Hatua ya tatu ni jeti kuu yenyewe. Isome namba yake mbele ya mwanga. Kwenye kabureta nyingi za kampuni ya Keihin namba hufuata kipenyo cha tundu, ilhali jeti nyingi za kampuni ya Mikuni hupimwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita, kwa hiyo 110 ya huku si 110 ya kule. Kwa mashine iliyopangwa kwa usawa wa bahari na sasa inafanya kazi Kitulo, mimi huanza kwa kupunguza namba ya kipenyo kwa asilimia 6 hivi, mathali kutoka 120 hadi 112, na ile ya kiasi cha mafuta kwa asilimia 12 hivi. Hapo ndipo pa kuanzia tu, kwa maana uamuzi hutoka kwenye plagi. Tafuta njia tambarare na salama, endesha kwa eksileta nzima kwa nusu dakika, zima injini kwa swichi ikiwa bado inavuta, kisha uiache isimame ikiwa kwenye nyutro. Kauri ya plagi ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, umefika. Ikiwa nyeusi, punguza tena. Ikiwa nyeupe, rudi juu namba moja bila kusita. Tundu lisipanuliwe kamwe kwa waya, kwa sababu halitarudi kuwa la duara wala namba yake haitaaminika tena.

Hatua ya nne ni sindano. Kuhamisha klipu inayoishikilia kwa mfuo mmoja (mkato uliochongwa kwenye sindano) kwenda juu hushusha sindano na kupunguza mafuta ya katikati. Mara nyingi mfuo mmoja unatosha.

Hatua ya tano ni silensa, na ifanyike injini ikiwa imepata joto. Kabla ya kurekebisha skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo ukutani au kwenye daftari. Skrubu iliyo upande wa kichujio hupima hewa, hivyo kuifungua hupunguza mafuta. Iliyo upande wa injini hupima mafuta, hivyo kuifungua huyaongeza. Zungusha kidogo kidogo mpaka injini izunguke kwa kasi na utulivu zaidi, kisha rekebisha kasi ya silensa. Kazi yote hii ifanyike kulekule mashine inakolala na kubeba mizigo. Kabureta iliyopangwa vizuri gereji ya Mbeya mjini bado itazidi mafuta ikifika Kitulo.

Maswali

Swali (Tukuyu): Shikamoo fundi. Je, nikitoboa boksi la kichujio ili hewa iongezeke, si nitaokoa pesa ya jeti?

Jibu: Marahaba. Hewa itaongezeka, lakini vumbi na maji vitapata njia pia, na vumbi husaga silinda. Jeti ni nafuu kuliko silinda.

Swali (Matamba): Kaka, mwezi wa saba asubuhi mashine inavuta vizuri, mchana inarudia moshi. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu. Hewa ya baridi ni nzito, na tofauti ya nyuzi 15 kati ya alfajiri yenye jalidi na mchana ni sawa na kushuka karibu mita 500. Pima plagi mchana na uchague jeti kwa saa unazofanya kazi zaidi, ila usipunguze hadi kauri iwe nyeupe asubuhi.

Swali (Njombe): Sindano yangu ina mfuo mmoja tu. Niisugue kwa tupa?

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo. Hiyo si sindano ya kuhamishwa klipu. Iache kama ilivyo, urekebishe jeti na skrubu.

Swali (Makete): Nimefuata hatua zote na moshi umekwisha, lakini nguvu bado si ile niliyoijua Dar es Salaam. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu hewa yenyewe imepungua. Hesabu upungufu wa nguvu wa takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, na hakuna jeti inayoweza kuurudisha. Kama mashine yako inatumia mnyororo, sproketi ya mbele yenye meno machache itakusaidia kupanda. Vinginevyo punguza mzigo.

Swali (Kyela): Mashine iliyorekebishwa Kitulo nikiileta huku kubeba mpunga, kuna hatari?

Jibu: Ipo, na ni kubwa kuliko ile ya moshi mweusi. Hewa nzito ya Kyela itakutana na mafuta machache, injini itachemka, na pistoni inaweza kutoboka. Kwenye injini ya mipigo miwili oili huja pamoja na petroli, hivyo mafuta yakipungua na ulainishaji unapungua. Jeti ya zamani uifunge kwenye karatasi pamoja na namba yake, uiweke kwenye boksi la spana. Rudisha jeti hiyo, klipu na skrubu mahali pake kabla ya kupakia gunia la kwanza.