Kabla hujakubali kuongoza chama cha wawindaji

Wakikuita Ngamiani, pale Tanga mjini, wakakukalisha kibarazani na kukumiminia kahawa, ujue jina lako limeshapita. Chama cha wawindaji wahifadhi hakikosi wa kukiongoza. Kinachokosekana ni mtu aliyeuliza maswali kabla ya kuitikia.

Anza na mipaka. Saadani, iliyokuwa pori la akiba, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Mkomazi ikafuata 2008. Ndani ya hifadhi ya taifa hapawindwi, leseni au si leseni. Wazee wa chama wanakumbuka vizuri walikoangushia nyati ujanani, na kwa mambo ya nyayo na upepo hawana mfano. Ya mpaka kaulize TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania.

Kisha mgawo, na hapa usiwe na haraka. Idadi ya wanyama mnaoruhusiwa kuvuna ina maana pale tu hesabu iliyoizaa ilipokuwa ya kweli. Nani alihesabu? Kwa miguu au kwa ndege? Msimu gani? Kuro, swala wakubwa wapendao maji, waliohesabiwa kiangazi, wamejazana kwenye dimbwi moja lililobaki, huonekana wengi kuliko walivyo. Fungua pia kumbukumbu za nyara, yaani pembe, ngozi na meno ya wanyama waliowindwa, za miaka iliyopita, upime pembe. Zikiwa zinafupika mwaka hadi mwaka, madume wakubwa wamekwisha, hata kama mgawo bado unajaa. Simba ndiye mgumu zaidi: kanuni za Tanzania zinataka dume wa miaka 6 na kuendelea, kwa sababu ukimwondoa mwenye familia mapema, dume mgeni huingia na kuua watoto. Mwenyekiti anayejisifu kwamba mgawo uliisha wote mimi humtilia shaka. Afadhali aliyerudisha leseni mbili bila kufyatua risasi.

Vijiji navyo. Huwezi kumwambia mama wa Handeni ampende tembo aliyemlia mahindi usiku kucha. Ujue kabla: kijiji kinapata nini, nyama inagawiwa na nani, askari wa kijiji wanalipwa na nani, na taarifa ya mapato inasomwa kwenye mkutano wa hadhara au inaishia mfukoni mwa watu watatu. Kijiji kikinuna, mitego ya waya inarudi, na waya hauchagui jike wala ndama.

Silaha na nyara zisikupite. Kila bunduki na mmiliki wake, kila pembe na hati yake. Kukutwa na nyara ya Serikali bila kibali ni kesi ya uhujumu uchumi, na pembe iliyotundikwa ofisini tangu enzi za mtangulizi wako itakuwa yako siku ya upekuzi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini makabidhiano, omba ufunguo wa ghala na daftari la risasi. Nilipoliomba mimi, nililetewa daftari la michango ya harusi.