Somo: Kuandaa mkutano wa kampuni Venice, mji usio na gari

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na huu ni mwaka wa tisa niko kaskazini mwa Italia nikifanya kazi ya kuandaa mikutano ya makampuni. Venice ndio mji unaoninyima usingizi kuliko yote, na ndio ninaoupenda zaidi. Kwa kuwa maswali yenu wanachama kuhusu kuandaa mkutano hapa yamekuwa mengi, nimeamua kuandika somo zima, nikichukua mfano wa mkutano wa siku mbili wenye wageni 60.

Kwanza naomba muuweke ukumbi kando. Wengi huanza na ukumbi waliouona pichani, wakalipa malipo ya awali, ndipo wakaulizana watu watafikaje. Huku tunaanza na gati. Mji umesimama juu ya visiwa zaidi ya 100 na una madaraja zaidi ya 400. Barabara kutoka bara ilifunguliwa mwaka 1933, na inakomea uwanja wa Piazzale Roma, ukingoni mwa mji. Kuanzia hapo kila mgeni, kila kiti cha kukodi na kila sinia la chakula huenda kwa boti, kisha kwa miguu. Lamu mzigo tunampakia punda. Venice punda hakuna, kuna mkokoteni na mgongo wa mtu, na karibu kila daraja ni ngazi.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia sherehe za mji na maji

Andika kwanza siku za kukwepa. Karnivali huja kabla ya Kwaresima. Sikukuu ya Redentore huangukia wikendi ya tatu ya Julai, na usiku wa Jumamosi hupigwa fataki, mfereji wa Giudecca ukajaa boti. Tamasha la filamu la kisiwani Lido huanza mwishoni mwa Agosti na kuingia Septemba, na Jumapili ya kwanza ya Septemba kuna mashindano ya boti ya Regata Storica. Maonyesho ya sanaa ya Biennale huchukua miezi mingi hadi Novemba, lakini wiki yake ya ufunguzi ndiyo inayomaliza vyumba vya hoteli.

Mimi hupendelea Machi, karnivali ikishapita, au Novemba. Najua mtaniambia Novemba ni mwezi wa maji. Ni kweli. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalipanda hadi sentimita 187 juu ya alama ya sifuri ya kupimia bahari, kiwango kilichopitwa na kile cha 1966 tu, sentimita 194. Lakini tangu Oktoba 2020 kuna MOSE, milango ya chuma iliyolazwa chini ya bahari kwenye mianya mitatu inayounganisha wangwa wa Venice na bahari, ambayo huinuliwa maji yakitabiriwa kufika sentimita 110. Uwanja wa San Marco uko chini sana na huanza kulowa kabla ya kiwango hicho, kwa hiyo usipange picha ya pamoja pale asubuhi ya bamvua. Manispaa ina kituo kinachotoa utabiri wa maji kila siku. Usome kama mvuvi anavyosoma mwezi.

Jambo ambalo wageni wa mji hawalifikirii ni kwamba maji yakijaa sana boti haipiti chini ya madaraja mafupi, na yakipwa sana, hasa Januari na Februari, mifereji midogo hubaki matope. Ukumbi wenye gati lake mwenyewe unaweza kukosa kufikika kwa saa kadhaa. Muulize mwenye boti, kwa maandishi, saa gani siku hiyo njia itapitika.

Hatua ya 2: Sasa tafuta ukumbi

Una aina tatu. Kuna majumba ya kale ya matajiri, ambayo mengi ukumbi wake mkuu uko ghorofa ya kwanza. Kuna nyumba za vyama vya kidini vya zamani, kama Scuola Grande di San Giovanni Evangelista, ambayo hupokea makongamano. Halafu kuna visiwa, na hapo ninachokipenda ni San Servolo. Palikuwa makao ya watawa, pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili hadi 1978, na leo pana kumbi za mikutano, vyumba vya kulala na bustani. Boti ya umma namba 20 kutoka gati la San Zaccaria hufika huko kwa takriban dakika kumi. Wageni hawatawanyiki, kelele hazimsumbui jirani, na mzigo unashushwa mlangoni.

Ukichagua jumba la kale, nenda ukalione mwenyewe au umtume mtu mwenye futi mkononi. Uliza sakafu inabeba uzito gani na umeme unatosha mashine gani. Uliza vyoo ni vingapi (hili husahaulika, na watu 60 huumbuka wakati wa chai). Ukutani hutatoboa msumari wala kubandika gundi, kwa sababu plasta ile yenye michoro ina umri wa karne kadhaa na mwenye nyumba yuko sahihi kuilinda kwa ukali. Mabango yote yasimame kwa miguu yake.

Hatua ya 3: Mizigo

Hapa ndipo bajeti hupasuka. Projekta, jukwaa na vipaza sauti hutoka bara kwa lori, hupakuliwa gatini, hupakiwa boti ya mizigo, hushushwa tena, husukumwa na wapagazi. Kila kushusha ni malipo. Kodi vifaa kwa mtu wa Venice aliye na boti yake, hata kama bei yake inaonekana kubwa kuliko ya mwenzake wa bara. Ukijumlisha gharama zote, mara nyingi ndiye rahisi.

Anwani nayo ni somo lake. Mji umegawanyika mitaa mikuu sita, na namba za nyumba huhesabiwa kwa mtaa mzima, si kwa kichochoro, ndiyo maana utaona anwani kama Castello, mmoja wa mitaa hiyo, ikifuatwa na namba ya maelfu. Majina ya vichochoro hujirudia. Calle del Forno, yaani kichochoro cha tanuri la mikate, iko zaidi ya moja. Mwaka wangu wa pili niliandika jina la kichochoro bila mtaa kwenye hati ya mzigo, na makasha ya vitabu vya mkutano yakafika upande wa pili wa mji, saa moja na nusu kabla ya wageni kuketi. Niliyabeba na vijana wawili juu ya madaraja kumi na moja. Tangu siku hiyo naandika mtaa, namba, kichochoro, jina la gati lililo karibu, na picha ya mlango.

Hatua ya 4: Kuwahamisha watu

Kutoka uwanja wa ndege wa Marco Polo, boti ya teksi hubeba watu wapatao wanane hadi kumi na bei yake hupita euro 100. Kwa watu 60 kodi boti kubwa moja, na mizigo yao ya kwenda hotelini itume kwa boti nyingine. Tiketi ya boti ya umma ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo wape wageni kadi za siku badala ya kuwaacha wanunue mojamoja. Migomo ya usafiri Italia hutangazwa mapema. Iangalie wiki mbili kabla, kisha angalia tena.

Tangu 2024 kundi linaloongozwa haliruhusiwi kupita watu 25, na kipaza sauti cha mkononi kimekatazwa. Wageni 60 ni makundi matatu, yenye waongozaji watatu wenye leseni na vifaa vya kusikilizia sikioni. Sheria hii nakubaliana nayo kabisa. Katika mji wa kale wamebaki wakazi chini ya 50,000, na kichochoro chenye upana wa mabega mawili ndiyo njia ya mama wa watu kwenda sokoni. Waambie wageni wako wapite upande wa kulia, wasisimame juu ya daraja, wasiketi kwenye ngazi za San Marco kula.

Hatua ya 5: Ada na kodi

Mji hutoza ada ya kuingia kwa wageni wa siku moja, katika siku zilizotangazwa za kati ya Aprili na Julai. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini hatozwi, kwa kuwa analipa kodi ya kulala, lakini lazima ajiandikishe apate msimbo wa msamaha. Fanya wewe kwa niaba ya wote, usimwachie kila mgeni.

Maswali ya wanachama

*Nairobi: Dada, hoteli za Mestre ni nafuu sana. Kuna ubaya gani tukilala huko?*

Hakuna ubaya. Mestre iko upande wa bara. Treni hadi Santa Lucia, kituo cha mjini Venice, ni kama dakika kumi, na Mestre iko ndani ya manispaa ileile, kwa hiyo msamaha wa ada unawahusu pia. Ila kwa mkutano wa siku mbili mtapoteza jioni, na jioni, wageni wa siku wakishaondoka, ndipo mji unapokuwa mzuri. Mimi huwalaza mafundi Mestre na wageni mjini.

*Mombasa: Assalamu alaikum dada yetu. Nusu ya wajumbe wetu ni Waislamu. Chakula je?*

Waalaikumu salamu. Sema mapema na useme kwa undani. Ukisema "hatuli nguruwe" tu, mpishi atakupikia risoto, na risoto nyingi hutiwa divai. Andika: bila nguruwe, bila divai kwenye chungu, bila mchuzi wa nyama usiojulikana. Samaki ndiye mkombozi wetu. Kuna sadini zilizolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu, na kuna samaki mkavu aliyepondwa kwa mafuta ya zeituni, akaliwa na ugali wa huku, polenta. Nyama ya halali hupatikana Mestre, ambako Wabangladeshi ni wengi na wana bucha zao. Mpishi aagize huko.

*Dar es Salaam: Shikamoo dada. Mwenyekiti wetu anatumia kiti cha magurudumu. Tuache wazo hili?*

Marahaba. Msiache. Boti za umma namba 1 na 2 za Mfereji Mkuu zinapokea kiti cha magurudumu vizuri kuliko teksi nyingi za maji. Manispaa imechapisha ramani ya sehemu zinazofikika bila kupanda daraja. Chagueni hoteli na ukumbi ndani ya sehemu hizo, au nendeni Lido, ambako kuna barabara na mabasi. Nilipopanga safari ya mzee mmoja wa namna hiyo nilipita njia yote siku moja kabla, nikipima mlango wa choo na lifti. Fanyeni hivyo. Mwenyekiti asifike mahali akabebwa mbele ya wafanyakazi wake kama hajataka.

*Kampala: Visa tuanze lini?*

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Anza miezi mitatu kabla, kwa sababu tatizo ni kupata miadi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isiwe chini ya euro 30,000, na pasipoti ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka. Barua ya mwaliko itaje jina la kila mjumbe, ratiba, na nani analipa nini. Barua moja ya jumla kwa watu 20 huleta maswali ishirini.

*Zanzibar: Zawadi gani ya kuwapa wageni isiyo ya kitalii?*

Shanga. Shanga za kioo za Venice zilifika pwani yetu kwa meli katika karne ya 19, zikapita Zanzibar kwenda bara na misafara, kwa hiyo huwapi wageni kitu kigeni, unawaonyesha zilikotoka zile za bibi zao. Nunua kisiwani Murano, kwenye duka lenye alama ya Vetro Artistico Murano, inayothibitisha kwamba kioo ni cha kisiwa hicho, maana mjini zimejaa za kuigiza. Agiza wiki sita kabla ili fundi apate kuzifanya kwa rangi za kampuni, na ziwekwe kwenye vifuko vya kitambaa. Waambie wageni wazibebe kwenye mkoba wa mkononi, sanduku la kupakiwa ndegeni lina misukosuko.