Mbegu ya Boga Ina Mama na Baba

Mkulima anayetafuta mbegu ya msimu ujao kwa kawaida huchagua boga kubwa kuliko yote shambani, akalipasua na kuanika mbegu zake. Hapo amechagua mama tu, kwa kuwa mmea wa boga huzaa maua dume na maua jike yaliyotengana, na nyuki huenda alileta chavua, yaani unga wa ua dume, kutoka shamba la jirani.

Tena ukubwa si kipimo cha lishe. Kinachostahili kutazamwa ni nyama ya ndani: rangi ya chungwa iliyokolea mara nyingi huashiria wingi wa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho ya watoto wetu. Kirutubisho hicho huhitaji mafuta ili kifyonzwe vizuri, na ndiyo maana futari ya maboga kwa tui la nazi ni chakula kilichopikwa kwa busara. Mbegu nazo zisitupwe, kwani karibu theluthi moja ya uzito wa kiini chake ni protini.

Anayetaka kuboresha maboga yake na amchague baba pia. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, ilhali ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba. Jioni, tafuta matumba ya aina zote mbili yaliyoanza kugeuka manjano, yatakayofunguka kesho yake, uyafunge ncha kwa uzi. Alfajiri, chuma ua dume la mmea bora, ondoa petali zake, pakaza chavua katikati ya ua jike, kisha lifunge tena na uache uzi wa rangi kwenye kikonyo. Usichelewe, maana maua haya hunyauka kabla ya adhuhuri.

Boga likikomaa, lichume na kuliweka ghalani wiki 3 hivi ili mbegu zijae. Pika kipande cha kila boga lenye uzi, ukionje, na mbegu za kila moja uzitie katika bahasha yake. Hifadhi za mimea kadhaa iliyokupendeza, kisha rudia kazi hiyo msimu baada ya msimu, kwani sifa hazitulii kwa mara moja. Mbegu chotara za dukani hazifai kuhifadhiwa bila uchaguzi huu, kwa sababu uzao wake hutofautiana mno.

Boga likiwa chungu, liteme: uchungu huo ni wa kukabitasini, sumu inayoumiza tumbo na isiyoondoka kwa kupikwa. Mbegu zake zote ziteketeze.