Jinsi ya kuchora katuni ya vijana wanaogombania mpenzi na bado wakabaki marafiki

Haya, wale mnaoniuliza zile katuni za zamani za vijana wa Marekani zinachekesha kwa siri gani na sie hapa Unguja tutachora vipi za kwetu, leo nakaa niwaelezee maana hichi kitu nakipenda kweli, na vituko vya watoto wetu wa skuli vingejaza madaftari lakini anaevichora simuoni.

Kwanza ujue zilivoanza. Archie Andrews, ndo yule mvulana wa katuni hizo, katoka mara ya kwanza kwenye gazeti la katuni Pep Comics namba 22, Disemba 1941, na msichana Betty Cooper na rafiki yake Archie, Jughead Jones, wamo humo humo. Veronica Lodge, mtoto wa tajiri, kaja namba 26, Aprili 1942. Yaani Betty keshakaa ndo Veronica anaingia, wote wanamtaka Archie, na hapo ndo moto ulipowaka, hadithi kwa hadithi mvulana leo yuko huku kesho yuko kule, hatulii.

Wengi wakishika kalamu wanaanza na yule mvulana. Usianze nae! Anza na wale wasichana wawili na urafiki wao. Betty na Veronica wanagombania mtu mmoja lakini pwani wanakwenda pamoja, siri wanapeana, na wasomaji wakawapenda mpaka mwaka 1950 wakapewa gazeti lao wenyewe. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza chora ukurasa mmoja ambao mvulana hayumo kabisa, wasichana wawili wanakula urojo wanasimuliana ya twisheni, na kama ukurasa huo haujakuwa mtamu usiendelee, urekebishe kwanza. Watu wanaochukiana wakigombana huo ni ugomvi tu, msomaji anachagua upande na kicheko kinakwisha hapo hapo, lakini wanaopendana wakioneana wivu kila kitu kinachekesha kwa sababu kesho watakaa tena dawati moja.

Halafu wagawie, kila mmoja awe na kitu mwenziwe hana. Tuseme mmoja baba ana duka Darajani, nguo ya Iddi anayo kabla mwezi haujaandama, na wa pili baba yake mvuvi wa Malindi lakini yeye anaweza kufungua plagi ya Vespa akaisafisha ikawaka (Betty nae ni fundi wa magari, na lile gari bovu la Archie analijua vizuri). Yule tajiri usimfanye mbaya tafadhali, hilo kosa naliona sana, mpe roho nzuri na kiburi kidogo. Mvulana mpe chombo kinachozimika, Vespa ya babu yake inayokufa katikati ya mzunguko wa Michenzani siku kambeba rafiki yake na sinia ya keki. Na huyo rafiki ni muhimu sana, ndo Jughead wenu, hana habari na wasichana shida yake ni chakula tu, ukitaka mtu wa kuona kila kitu bila kuwa na upande mtumie yeye. Watu wazima wawili wanatosha, mwalimu mkuu mmoja na bibi mmoja barazani anaesikia vyote.

Sasa sura, na hapa nakaa kidogo maana ndo pagumu kwetu. Dan DeCarlo, mchoraji aliewachora miaka mingi, uso wa Betty na wa Veronica ni kama mmoja, tofauti ni nywele, mmoja za manjano kazifunga mkia mwenziwe nyeusi. Sie hilo halitusaidii, watoto wetu skuli wamevaa yunifomu moja na ushungi mweupe mmoja, ukiiga alivofanya yeye msomaji hajui nani kasema nini. Dawa yake ni umbo na tabia ya mwili. Mmoja mfanye mrefu mwembamba anatembea mbio mikono inaruka, mwenziwe mfupi anakwenda pole pole mkoba kaukumbatia kifuani. Mmoja ushungi kaubana kwa pini barabara, wa pili wake unateleza kila saa na yeye anaurudisha, na huo mkono wa kurudisha ushungi ukiutumia kila anapodanganya, basi ukurasa wa tatu msomaji keshajua bila kuambiwa. Ukimaliza watie wino mweusi tupu kama kivuli, kama huwatambui nani ni nani anza upya.

Hadithi yenyewe inataka ahadi moja iliyotolewa kwa watu wawili, basi, usitafute makubwa. Mfano huu chukueni bure. Ni Ramadhani, mvulana kamwambia kila mmoja kwa wakati wake "hakuna futari kama ya kwenu". Ukurasa wa pili, msichana mmoja anatuma bakuli la tambi, ukurasa wa tatu mwenziwe anatuma bakuli la kaimati, hakuna anaejua habari ya mwenzake. Mama wa mvulana kafurahi, na kwa ada zetu bakuli la watu halirudi tupu, basi anatia kaimati kwenye bakuli la tambi na tambi kwenye bakuli la kaimati, anamtuma mdogo wake mvulana azirudishe. Ukurasa wa nne chora bakuli linafunguliwa, kubwa, lijaze nusu ya ukurasa, na uso wa msichana anaetambua mapishi ya rafiki yake. Hapo hakuna maneno, narudia, hakuna maneno, picha inatosha. Wa tano wanakutana njiani kila mmoja na bakuli, wanatizamana, wanaanza kucheka, wanakaa barazani kwa bibi wanafuturu pamoja. Wa sita mvulana anarudi kutoka msikitini na njaa yake anakuta yule rafiki mlafi kamaliza kila kitu, na kwenye boksi la mwisho la picha mvulana keshaanza kumsifia msichana wa tatu uji wa kwao.

Umeona hakuna busu wala kushikana. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni kali za maadili na John Goldwater, mmoja wa wenye kampuni ya Archie, ndo alikuwa mbele kabisa, na katuni zao hazikupoteza ladha, kwa hiyo anaekwambia bila mambo hayo haichekeshi muache. Kwetu sisi bahasha inayopitishwa na mdogo mtu inatosha kumfanya msomaji moyo uende mbio.

Maneno yawe machache na yawe ya mtaani kwenu, mtoto wa Wete asiseme kama mtangazaji wa redio. Na kila boksi aseme mtu mmoja au wawili tu, wakizidi watu wanaruka.

Kuchapisha ni rahisi, karatasi 2 za A4 ukizikunja katikati na kuzitia moja ndani ya nyengine unapata kurasa 8, ya mbele jalada, 6 za hadithi (na katuni nyingi za zamani hadithi zilikuwa kurasa 5 au 6 hivyo hivyo), ya nyuma inabaki. Katoe kopi uwape wenzio darasani. Hiyo ya nyuma usiiache tupu. Bill Woggon, mchoraji wa Katy Keene, msichana wa katuni mpenda mavazi aliyeanza 1945, alikuwa anawaomba wasomaji wamtumie michoro ya nguo, anamvisha Katy na jina la aliebuni analiandika pembeni, na watoto walimtumia kwa wingi. Basi weka picha ya wasichana wako wawili na maneno haya: Sikukuu tuwavishe nini? Chora dira, gauni au kanga, tuletee, na jina lako litatoka toleo lijalo.