Nyumba ndogo unayoweza kuja kuiuza

Kama unachora ramani ya nyumba ya kawaida na hujui kama utaishi humo milele, anza na choo. Nyumba ya vyumba vitatu ambayo choo chake pekee kimo ndani ya chumba cha mwenye nyumba ni ngumu kuuzika: mgeni apite kitandani kwa watu? Mlango wake ufungukie koridoni, na ukiweza kipakane ukuta na jiko, mabomba yawe mafupi na gharama ipungue.

Vyumba vya kulala vipime kwa kitanda, si kwa macho. Kitanda cha watu wawili kikishakaa, ibaki njia ya sentimita 60 hivi pembeni, na kabati lifunguke bila kugonga kitu. Mlango wa sentimita 90 unapitisha friji, na kiti cha magurudumu pia. Dari za madoido? Weka ukipenda, ila hizo ni hela za kujifurahisha.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta wenye bomba au waya, futi ya kupimia ikionekana. Zitunze pamoja na ramani iliyopitishwa na kibali cha ujenzi. Mnunuzi makini ataviulizia.