SOMO: Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, London hadi Athens

Wakuu, msipime umbali huu kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani imelaza dunia iliyo mviringo, na nyingi hutanua nchi kadiri unavyokwenda kaskazini. Tumieni digrii.

Hatua ya 1: Andika vipimo vya viwanja vya ndege. Heathrow (London): latitudo 51.47 kaskazini, longitudo 0.45 magharibi. Athens: 37.94 kaskazini, 23.94 mashariki.

Hatua ya 2: Tafuta tofauti ya longitudo. Mstari wa Greenwich (longitudo 0) unapita katikati yao, kwa hiyo unajumlisha: 0.45 + 23.94 = 24.39. Ukitoa, umbali utapungua kilomita 55 hivi.

Hatua ya 3: Zidisha saini (sin) za latitudo zote mbili. Kando, zidisha kosaini (cos) zake, kisha zidisha tena kwa kosaini ya 24.39. Jumlisha majibu hayo mawili: 0.9284. Bonyeza kosaini kinyume (cos⁻¹), upate digrii 21.81. Kalkuleta iwe kwenye DEG (digrii). Ikiwa kwenye RAD (radiani) jibu halitakuwa na maana yoyote.

Hatua ya 4: Kila digrii ni kama kilomita 111.2 juu ya uso wa dunia, kwa hiyo 21.81 × 111.2 = kilomita 2,425.

Hatua ya 5: Muda. Airbus A320 au Boeing 737 ikishatulia juu huenda kama kilomita 830 kwa saa. 2,425 ÷ 830 ni saa 2 na dakika 55. Ongeza dakika 30 za kupaa, kushuka na kona za njia: saa 3 na dakika 25 hewani. Lakini tiketi huhesabu tangu ndege inapoachia geti hadi inapoegeshwa, na Heathrow foleni ya kuruka ni ndefu. Weka dakika 20 hadi 30 zaidi.

Bado kuna upepo, na huu ndio unaovuruga hesabu za watu. Juu kule Ulaya upepo huvuma zaidi kutoka magharibi, mkali kuliko wakati wote majira ya baridi. Chukua upepo wa kilomita 60 kwa saa. Kwenda Athens unasukumwa, mwendo juu ya ardhi unafika 890. Kurudi unapingwa, unabaki 770. Tofauti ni kama dakika 25 kwa umbali uleule.

MASWALI

Swali: Mkuu, tiketi inaonyesha kuondoka 10:00 na kufika 15:45. Mbona ni karibu saa sita?
Jibu: Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Athens iko mbele ya London kwa saa 2 mwaka mzima, kwani zote hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Toa 2, safari ni saa 3 na dakika 45. Kwa saa zetu, umeondoka saa nne asubuhi ya London.

Swali: Je, nikiwa Dar?
Jibu: Kiangazi cha Ulaya, Athens na Dar zina saa ileile. Majira ya baridi Athens iko nyuma yetu kwa saa 1.

Swali: Nikiondokea Stansted, kiwanja kingine cha London, je?
Jibu: Rudia hatua ya 1 kwa vipimo vya Stansted. Angalia upande wake: iko mashariki ya Greenwich, kwa hiyo longitudo zinatolewa, hazijumlishwi.