Kabla ya kununua samani za mtoto, hesabu saa zake 24

Mimba ikifika mwezi wa sita, ushauri huanza kumiminika. Mmoja anasema kitanda, mwingine anasema susu, yaani kile kitanda kidogo cha mtoto mchanga, wa tatu anauliza kama mmeshapata meza ya kubadilishia nepi, kabati, kiti cha kunyonyeshea, zulia na taa ya usiku. Ukiwasikiliza wote utajaza chumba mpaka pakosekane pa kupita, na mwenye chumba hata hajazaliwa. Nakushauri uanzie kwingine. Chukua karatasi uandike mtoto mchanga anafanya nini kutwa kucha.

Kazi zake ni chache. Katika saa 24 analala jumla ya saa 14 hadi 17, ila kwa vipande vya saa mbili au tatu. Ananyonya mara 8 hadi 12. Anabadilishwa nepi karibu mara hizo hizo. Anaogeshwa. Muda unaobaki yuko mikononi mwa mtu. Basi. Kila samani unayoiwaza ipitishe kwenye maswali matatu: inafanya ipi kati ya kazi hizo, itaifanya kwa miezi mingapi, na je, nyumbani hakuna kitu kinachoweza kuifanya tayari? Nyingi zitakwama kwenye swali la tatu.

Mahali pa kulala hapana mjadala. Hapa ndipo pa kutumia akili yako yote, na fedha pia kama ni chache, kwa sababu ndiyo samani pekee ambayo mtoto anaachwa nayo huku wewe umelala. Anachohitaji ni kitu cha kushangaza kwa urahisi wake: sehemu ngumu kiasi, tambarare, yenye kingo za kumzuia asianguke, na tupu. Tangu 1938 Ufini imekuwa ikiwapa akina mama sanduku la vifaa vya mtoto. Mwanzoni lilikuwa la wenye kipato kidogo, na kuanzia 1949 likawa la mama yeyote. Ndani yake mna kigodoro, na watoto wengi wa huko wamelala siku zao za kwanza ndani ya sanduku hilohilo la karatasi ngumu. Sisemi ukatafute sanduku. Nasema tazama jinsi mahitaji ya mtoto yalivyo madogo ukiyaondolea mapambo.

Neno "tupu" ndilo linalowasumbua wengi, kwa hiyo nilieleze. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu. Uso wake ukizama kwenye mto, blanketi zito au mdoli laini, hawezi kugeuza kichwa wala kujisukuma nyuma apate hewa. Ndiyo maana analazwa chali, si kifudifudi wala ubavu, na ndiyo maana kitandani kunabaki godoro na shuka moja iliyobana. Mwaka 1994 Marekani ilianza kampeni ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Hakuna samani iliyowahi kufanya kazi kubwa kama hiyo. Kama unaogopa baridi, mvalishe nguo za kutosha badala ya kumfunika.

Mito ya kuzungushia fito za kitanda, ile inayopendeza sana kwenye picha, iache dukani. Vivyo hivyo vitanda vya kuegemea vinavyomweka mtoto kama aliyekaa nusu: kichwa huangukia kifuani na njia ya hewa ikabanwa bila sauti yoyote. Mei 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku mito hiyo iliyojazwa, pamoja na vilalio vya watoto wachanga vilivyoinuka zaidi ya nyuzi 10. Ukipewa zawadi ya namna hiyo, pokea kwa shukrani, lakini usimlaze mtoto humo. Hata kiti chake cha gari ni cha safari. Mkifika, mhamishie kitandani.

Sasa, susu au kitanda kikubwa? Susu ni ndogo, inaingia hata chumba chembamba, na usiku unamfikia mtoto kwa kunyoosha mkono. Ubaya wake ni umri. Mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, muda wa susu umekwisha, na hilo hutokea mapema, wengine wakiwa na miezi mitatu tu, wengine mitano. Kitanda chenye fito kinaweza kumlaza tangu siku ya kwanza mpaka anapokaribia urefu wa sentimita 89, ambapo anaanza kuweza kuruka ukingo. Kwa hiyo kama nafasi ipo, mimi ningenunua kitanda kimoja tu, chenye godoro linaloweza kushushwa hatua kwa hatua. Kama nafasi haipo, tafuta susu ya kuazima kwa mtu unayemwamini, kwa kuwa susu yao pia ilitumika miezi michache tu na huenda bado ni nzima.

Kabla hujalipa, kikague kwa mikono yako. Bonyeza godoro katikati. Likibaki na alama ya kiganja chako, ni laini mno. Lisukume upande mmoja uone nafasi inayobaki upande wa pili: ikizidi upana wa vidole viwili, ni kubwa, kichwa kinaweza kunasa. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Kama huna rula, chukua kopo la soda la kawaida. Likipenya kati ya fito, kitanda hicho hakifai. Nguzo za pembeni zisichomoze juu zikaja kunasa kola ya nguo, na ubao wa kichwani usiwe na matundu ya urembo.

Kitanda cha mitumba kina maswali yake. Vile ambavyo ubavu mmoja huteremka ili mzazi asiiname sana vilizuiwa kutengenezwa na kuuzwa Marekani kuanzia Juni 2011, baada ya watoto kufa waliponaswa kwenye mwanya ubavu ulipochomoka. Bado vipo kwenye maghala ya watu, na vinapendeza. Kikataeni, hata kama kimetoka kwa bibi mwenyewe. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Marekani iliyazuia kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 tu, kwa hiyo kitanda cha urithi kinachobanduka rangi kisiwe cha kulalia. Skrubu zikipungua hata moja, usiweke msumari au kamba badala yake. Huko ndiko kubana matumizi pekee ninakokukataa moja kwa moja.

Palipo na mbu, fikiria chandarua mapema, tena kinachofunika kitanda kizima kwa nje na kukaza, kisiregee ndani mtoto akafikia kukivuta.

Jambo jingine ambalo huokoa fedha nyingi: chumba cha mtoto kinaweza kungoja. Madaktari wa watoto wanashauri alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kilalio chake mwenyewe, angalau miezi 6 ya kwanza. Maana yake kile chumba mnachokihangaikia, rangi ya ukuta na pazia, kwa nusu mwaka kitakuwa cha kuhifadhia vitu tu. Pima kwanza chumba chenu. Pima na mlango, kwa sababu kitanda kilichokwisha kuunganishwa mara nyingi hakipiti.

Baada ya kulala, mimi ningeweka kiti, kabla ya kabati, kabla ya meza. Watu hukishangaa kiti kuwekwa juu hivyo, lakini hesabu. Kunyonya mara 10 kwa nusu saa kila mara ni saa 5 za kukaa kila siku, nyingine saa nane usiku, na mama bado ana maumivu ya kujifungua. Si lazima kiwe kiti maalumu cha kuyumba. Huenda kipo sebuleni tayari. Kaa humo nusu saa nzima ukiwa umekumbatia mto mzito kiasi cha mtoto. Je, mgongo umeegemea, nyayo zinafika chini, viwiko vina pa kupumzika? Kisha simama bila kushika popote, maana mikono itakuwa na mtu. Ukishindwa kusimama, kiti hicho ni kirefu mno kwenda nyuma au ni laini mno, hata kiwe kizuri vipi.

Ila sikiliza hili kwa makini. Kusinzia na mtoto kwenye sofa au kiti cha kujizamisha ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtoto huteleza kati ya mwili wako na mto wa kiti. Ukihisi usingizi unakuzidi, mwite mwenzio amchukue mtoto. Kama uko peke yako, nenda kanyonyeshee kitandani ulikoondoa mito na mablanketi. Si salama kabisa, lakini ni afadhali kuliko sofa, na ukizinduka umrudishe kwake.

Meza ya kubadilishia nepi ndiyo samani inayonunuliwa kwa shauku na kusahaulika haraka. Kigodoro kinachofutika, kikitandikwa sakafuni, kinafanya kazi ileile, na mtoto aliye sakafuni hana pa kuanguka. Hata hivyo nisiwe mkali mno. Aliyejifungua kwa upasuaji huona taabu kuinama wiki za kwanza, na mwenye maumivu ya mgongo vilevile. Kwao mahali penye kimo cha kiuno pana maana. Basi kitandike kigodoro hicho juu ya kabati imara la droo, chenye kingo zinazoinuka pande zote na kamba ya kukifungia kisiteleze, na panga nepi, kitambaa na nguo pale mkono unapofika bila kupiga hatua. Mkono mmoja hauondoki juu ya mtoto. Simu ikilia, iache ilie. Mtoto ambaye jana hakuwa anajigeuza anaweza kuanza leo, na ataanzia hapo juu.

Kuhusu kabati lenyewe: nguo za mtoto mchanga ni ndogo mno, droo moja au mbili zinatosha, na zinaweza kuwa droo zenu mlizozipunguzia mzigo. Kama mtanunua, lifungwe ukutani kwa vyuma siku ileile linapoingia. Mtoto akifikisha mwaka hivi atavuta droo zote ajifanyie ngazi, na kabati zima litamwangukia. Vifo vya aina hiyo ndivyo vilivyosababisha Marekani ipitishe, Desemba 2022, sheria ya kulazimisha makabati ya nguo yasipinduke kirahisi. Vitu vizito viwe droo za chini, na juu pasiwe na televisheni wala mdoli wa kumshawishi apande.

Kuogeshea, beseni safi linatosha.

Kiti cha kulia kinangoja mpaka awe na miezi 6 hivi, anapoweza kukaa akiegemea kidogo na kuanza chakula. Ukikinunua sasa utakiruka njiani nusu mwaka. Kabati la midoli, meza ndogo na viti vyake, kitanda cha mtoto mkubwa, vyote vingoje. Kile kiti cha magurudumu anachotumbukizwa mtoto eti ajifunze kutembea hakingoji, kinafutwa: hakimsaidii kutembea mapema, na kinamwezesha kufika kwenye ngazi na vitu vya moto kwa kasi asiyoweza kuizuia. Kanada ilikipiga marufuku kukiuza mwaka 2004. Ndugu na marafiki wanaotaka kusaidia waambieni waziwazi mnachohitaji, na ambacho hakijafika wakati wake. Wengi hufurahi wakiambiwa kuwa zamu yao ni mtoto akifika mwezi wa saba.

Vitu vikishapatikana, viunganishwe na kupakwa rangi angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kujifungua, madirisha yakiwa wazi, kwani rangi mbichi na mbao za kubandika kwa gundi hutoa harufu isiyofaa mapafu machanga. Tena watoto hawasomi tarehe. Kitanda kikae mbali na dirisha, kamba za pazia, hita, nyaya na picha nzito za ukutani. Kaza skrubu zote, kisha zikaze tena baada ya wiki mbili, na hifadhi karatasi ya maelekezo, kwa sababu mtaihitaji siku ya kushusha godoro.

Halafu, usiku mmoja kabla ya siku yenyewe, fanyeni jaribio. Zimeni taa. Beba ule mto mzito, toka kitandani kwenda kwenye kilalio cha mtoto, nenda kwenye kiti, kisha mahali pa nepi, urudi. Kila unapojigonga, kitoe kilichokugonga.